Koko Aonje Kwanza

Kwako Faida, mdogo wangu wa mwisho,

Nakuandikia wewe, lakini nitasoma kwa sauti. Leo ni siku ya kupima watoto katika kituo cha afya cha kijiji chetu, na akina mama wameketi uani juu ya mikeka na vitenge, kila mmoja na mtoto wake mapajani. Mimi ndiye muuguzi wao. Wengi wao hawakukuona ukiwa hai. Wanalijua tu lile kaburi dogo lililo nyuma ya shamba letu la mihogo, na wanajua kile walichosimuliwa. Ndiyo maana nakuomba uniwie radhi kwa kuifungua barua ya dada kwa dada mbele ya watu. Uongo juu ya kifo chako ulisemwa hadharani, Faida. Siwezi kuusahihisha kwa kunong'ona.

Mbele kabisa, kwenye kiti pekee chenye mgongo, ameketi Koko Suzana; kwetu koko ni bibi. Amezeeka. Mikono yake ameificha ndani ya kitenge, na tangu afike hajaomba hata maji.

Wewe uliniita Yaya, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao. Ulipozaliwa nilikuwa msichana mkubwa tayari, na mwaka wako wa kwanza uliumaliza mgongoni mwangu. Nilikubeba nikienda kuchota maji, nilikubeba nikiwafukuza ndege kwenye mpunga wa watu, nawe ulijifunza kupiga kelele za kufukuza ndege kabla hujajua kusema "mama". Baba alikuwa ameenda kwenye machimbo ya dhahabu, na habari zake zikapungua mpaka zikakatika. Kisha nami nikaondoka. Nilipata nafasi katika shule ya wauguzi huko Uvira, nikawa nakaa kwa shangazi yetu mtaa wa Kasenga. Siku ya kuondoka uliikimbiza pikipiki mpaka kwenye daraja la mfereji, ukiwa umeshika kiatu changu kimoja ulichokificha usiku kucha ili nisiende.

Nataka ujue nilikuwa nakula nini huko Kasenga. Kila baada ya majuma mawili Mama alinitumia mzigo: maharage, karanga, unga wa muhogo, na mayai yaliyofukiwa ndani ya unga wa mahindi yasivunjike njiani. Shangazi alipomwambia kwa simu kwamba chakula kinatutosha, Mama alimkatiza.

"Mutu wa masomo anapashwa kukula. Akili haiingie kama tumbo iko wazi."

Hivyo kuku wa Mama walitaga kwa ajili yangu. Karanga zilizolimwa mbele ya mlango wako zilipandishwa pikipiki. Nyumbani ulibaki na bugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo huo huo, isiyo na mafuta, asubuhi kile kilichobaki jana, jioni kile kile kikiwa cha moto. Ulishiba, Faida. Hakuna aliyekunyima bugali. Ndiyo maana hakuna aliyedhani kwamba una njaa.

Nilirudi likizo ya kwanza nikakukuta na mashavu ya mviringo. Nilikuinua juu nikasema, "Faida, umenenepa!" Mama akacheka akiwa ameshika kiuno. "Waseme sasa kama minye sijue kulea!" Majirani walikuwa wanapita kukutazama, wanakufinya shavu, wanamsifu Mama. Wewe hukucheka. Ulikaa pale nilipokuweka, kama furushi, ukitazama miguu yako. Nilipokushika unyayo, kidole gumba changu kiliacha shimo kwenye ngozi, na shimo hilo lilichelewa kujaa. Nililiona. Niliona pia kwamba nywele zako zimekuwa na rangi ya ndevu za mahindi makavu, na Mama akasema ni jua. Nilikuwa katika mwaka wa kwanza. Tulikuwa bado tunafundishwa majina ya mifupa. Nikaamini kwamba ni jua.

Mtu mmoja tu hakukusifu. Koko Suzana alizaliwa kwenye ufuko wa ziwa, akaolewa huku bondeni, akafiwa na mume, akabaki peke yake katika nyumba iliyo ng'ambo ya mfereji wetu. Mwanawe alikuwa mvuvi, na kila alipopata mtu wa kumtuma alimletea mama yake ndagala wakavu kwenye mfuko. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikutazama miguu, akamgeukia Mama.

"Mama Faida, mutoto huyu hakunenepa. Iko navimba. Hiyo ni bwaki."

Kwetu hilo ni jina la ugonjwa, lakini mwenye mtoto hulisikia kama tusi. Kumwambia mama kwamba mwanawe ana bwaki ni kumwambia mbele ya watu kwamba hana cha kumlisha. Kuanzia siku hiyo Mama alimsalimu Koko kwa kichwa tu, bila sauti. Nami nikarudi Kasenga na mzigo wangu wa karanga.

Yaliyofuata niliyasikia baadaye, mengine kutoka kwa Mama, mengine kutoka kwa Koko mwenyewe. Hakubishana tena na mtu. Alikaanga soya na karanga, akazisaga pamoja na mahindi, akatwanga ndagala mpaka wakawa vumbi, akapika uji mzito, akaketi mlangoni kwake. Mama alikuwa shambani tangu asubuhi. Wewe ulivuka mfereji kwa miguu yako iliyovimba, ukifuata harufu.

Watu waliokulia mbali nasi huenda wasielewe jambo moja. Huku kwetu watu wanaogopa sumu, ile ya polepole wanayoiita karuho, inayosemekana humkausha mtu kidogo kidogo mpaka aishe. Kwa sababu ya hofu hiyo kuna adabu ambayo kila mtoto huijua: anayekupa kinywaji au chakula huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akukabidhi. Koko aliifuata adabu hiyo hata kwako, mtoto wa miaka minne. Nawe ukaifanya sheria. Kikombe kilipokuja ulirudisha mikono nyuma ukangoja.

"Koko, onja kwanza."

"Weye mutoto! Minye nimeonja jana, nimeonja juzi, na leo tena?"

"Onja."

"Iko na macho kama duane wa mupaka wa Kamanyola. Kitu haipite bila kuangaliwa." Alionja, akapanua mdomo uone kwamba amemeza. "Umeona? Nimekufa?"

"Bado."

Koko ananiambia kwamba ulilisema hilo "bado" ukiwa umekunja uso kabisa, na kwamba alicheka mpaka uji ukamwagika. Uliendelea kusema hivyo kila siku, kwa sababu ulijua atacheka.

Nilirudi likizo ya pili wakati wa kuvuna maharage. Mashavu yalikuwa yameondoka. Shingo yako ilikuwa nyembamba, mbavu zinahesabika, na miguu ambayo niliiacha imejaa ilikuwa imekuwa vijiti viwili. Nilishtuka. Lakini nikumbuke vizuri, kwa sababu nina deni la kukumbuka vizuri: ulikuja kunipokea ukikimbia. Uliniibia kalamu, ukampanda mbuzi wa jirani, ukaniuliza maswali sita kabla sijaweka begi chini. Ulikuwa umerudi kuwa mtoto. Niliona mifupa yako, Faida, na sikuona kwamba unacheka.

Mama alikuwa anasonga bugali. Nilisimama mlangoni, na mimi ndiye niliyeuliza.

"Mama, Faida anakula kwa nani?"

Kwingine hilo ni swali la kawaida. Kwetu, mbele ya mtoto aliyekonda, ni shtaka. Mwiko wa Mama ulisimama ndani ya sufuria. Alinitazama mimi mtu wa masomo, mimi ninayejifunza mambo ya miili ya watu, akaona kwamba kama mimi nimeuliza basi kuna sababu ya kuuliza. Hakuwa anajua kuhusu uji. Alikuita, akakuuliza, nawe ukajibu kwa furaha, maana hukuwa na cha kuficha.

"Kwa Koko. Kila siku. Anaonjaka kwanza."

Siku ya pili ua wa Koko ulijaa watu. Hawakuwa watu wabaya. Wengine wako hapa leo, na ninajua waliovuka mfereji siku ile walivuka kwa sababu walikupenda. Walisema mtoto alikuwa mnene mpaka alipoanza kula kwa mjane huyu, na sasa anakauka. Nani angepinga? Kila mtu alikuwa ameona mashavu yako. Koko alitoka na sufuria mikononi, akaitua chini.

"Uji ni huu. Muniangalie, minye nitakunywa yote, hata mabaki."

"Mulozi anaonjaka upande yake," mwanamke mmoja akamjibu. "Ya mutoto anaweka upande ingine."

Mtu akaipiga sufuria teke. Nakumbuka jinsi kuku walivyokimbilia ule uji, na jinsi hakuna aliyesimama kuangalia kama kuku wanakufa. Wewe ulikuwa umeshika kitenge cha Koko kwa mikono miwili. Mama alikubandua kidole kimoja kimoja. Nami nilisimama kando ya mfereji, na daftari la shule lilikuwa chumbani kwangu, na sikusema neno. Koko aliondoka na lori la mihogo kuelekea Uvira kabla jua halijawa kali. Hakuchukua hata jembe lake.

Nilirudi shuleni. Mama alinipa mzigo kama kawaida: karanga, maharage, mayai ndani ya unga. Nilikula vyote, Faida. Hilo pia nataka lisikike.

Baada ya majuma machache Mama alipiga simu, na sauti yake ilikuwa nyepesi. "Mutoto anarudisha mwili. Mashavu yanakuja tena." Nilishukuru Mungu kanisani siku ya Jumapili, nikiwa nimesimama, kwa sauti. Nilishukuru kwa uvimbe. Kisha simu nyingine ikaja, na hiyo haikuwa nyepesi.

Nilikukuta kwenye mkeka. Ngozi ya mapaja yako ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa. Kabla sijafika walikuwa wamekupeleka kwa mtu anayetapisha sumu, ukatapishwa hata kile kidogo ulichokuwa nacho. Nilikupikia uji wa muhogo, nikatia sukari, nikakuinua kichwa. Ulifunga mdomo. Nilikubembeleza kwa nyimbo zote nilizokuimbia ukiwa mgongoni. Ndipo ukasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza jambo lililo wazi:

"Koko aonje kwanza."

Akina mama waliokuwa chumbani wakatazamana. "Munasikia?" mmoja akasema. "Amemufunga. Mpaka sasa anamuita." Nami nikachukua kijiko, nikaonja mbele yako, nikapanua mdomo kama ulivyonionyesha likizo kwamba yeye hufanya.

"Hapana weye," ukasema. "Koko."

Ulikufa siku ya tatu, asubuhi, saa ambayo watoto wenzako walikuwa wanawapigia kelele ndege kwenye mpunga. Kelele zao ziliingia dirishani, na nilidhani midomo yako inajaribu kuwajibu.

Mwaka wangu wa mwisho, mwalimu alitufundisha kuhusu bwaki. Alisema ni njaa ya mtoto aliyeshiba: tumbo limejaa muhogo, mwili unakosa maharage, samaki, yai, karanga. Alisema uvimbe ule si mwili, ni maji. Kisha akasema jambo ambalo darasa zima liliandika isipokuwa mimi. Alisema mtoto huyo akipata chakula kinachofaa na kuanza kupona, maji huondoka, na kwa siku nyingi ataonekana amekonda kuliko alivyokuwa. "Msiwaache wazazi waogope wakati huo," alisema. "Hapo ndipo mtoto anapopona. Mtazameni kama anacheka." Niliomba ruhusa ya kutoka. Nilikaa nyuma ya ukuta wa shule mpaka wenzangu walipotoka na kunikuta nimeketi kwenye vumbi na sare nyeupe.

Ulikuwa unapona, mdogo wangu. Koko alikuwa amekuponya, nasi tukamfukuza kwa sababu ulikuwa unapona.

Nilipomweleza Mama alikuwa anapukuchua maharage. Aliendelea kupukuchua mpaka ungo ukajaa. "Basi ni minye niliua mutoto wangu?" Nikamwambia, "Ni mimi niliyeuliza, Mama." Alitikisa kichwa, akachukua ungo, akaingia ndani. Miaka imepita tukiishi nyumba moja tukiwa na neno hilo katikati yetu, na kila mmoja anajaribu kulibeba lote ili mwenzake asilibebe.

Mwezi uliopita nilishuka Uvira nikamtafuta Koko. Nilimpata Kasenga ile ile, mwendo mfupi kutoka kwa shangazi, ameketi kando ya barabara na mafungu ya ndagala. Huenda nilimpita mara nyingi nikienda shuleni. Aliponitambua hakusimama, wala hakunifukuza. Alinimiminia chai kwenye kikombe chake, na kabla ya kunipa alionja. Mkono wake ulifanya hivyo wenyewe. Nikalia pale barabarani, pikipiki zikipita.

Nilimweleza yote: maji, uvimbe, kupona. Alisikiliza akipanga samaki. Nilidhani angenilaani, na nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa. Badala yake aliuliza jambo moja.

"Aliniulizia?"

Sikuelewa. Akarudia. "Mutoto. Kisha minye kutoka kule. Aliniulizia?"

Ningeweza kumwambia hapana, apumzike. Nikamwambia ukweli, kwamba ulikataa kula mpaka yeye aonje. Alijifunika uso kwa kitenge. Aliposema, sauti ilitoka chini ya kitambaa.

"Basi ningerudi. Wangenipiga, lakini kwanza wangeniacha nionje kijiko kimoja."

Hilo ndilo linalonivunja, Faida, hata leo ambapo mikono yangu imezoea wagonjwa. Katika sisi sote tuliokukosea, yeye ambaye hakukukosea ndiye anayetafuta mahali alipokosea.

Nilimwomba arudi kijijini. Akasema hana kitu huku, nyumba yake ilishakuwa zizi. Lakini alikubali kuja siku moja, siku ya kupima, kwa sababu nilimwambia kwamba katika watoto walioning'inia kwenye mizani wiki ile, watatu wana miguu kama ile yako, na mama zao wanasifiwa njiani.

Nawasomea akina mama hawa kupitia jina lako. Wabonyeze unyayo wa mtoto na kungoja. Shimo likibaki, waje kwangu, wasione haya. Neno bwaki si tusi, nami nilinenepa kwa mayai ya mdogo wangu kabla ya kulijua hilo. Yai moja libaki nyumbani, karanga kidogo zibaki, hata kama kuna mtoto wa masomo mjini. Na mtoto akianza kukonda huku anacheka, wasimtafute mchawi.

Sasa nimalize, maana Mama amesimama nyuma yangu. Ameamka mapema leo. Amekaanga soya, amesaga, ametwanga ndagala. Niliusikia mchi kutoka kitandani na sikumwuliza kitu. Ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili. Ni yeye anayetoa leo, na Koko ndiye anayepewa, kwa hiyo adabu yetu inajulikana. Mama ataonja kwanza, mbele ya watu wote, atapanua mdomo aonekane amemeza, ndipo atavuka ua na kumpa. Baada yake nitaonja mimi. Koko ana haki ya kutukataa. Ana haki ya kutuambia tuonje tena, na tena, kila siku kama ulivyomfanyia, na sisi tutaonja.

Lala, mdogo wangu. Kama kuna mahali unapotusikia, mtazame kwa macho yako ya duane. Akipokea kikombe, mwambie lile neno lako, acheke.

Ni mimi niliyekubeba, niliyeuliza, na ninayekuomba msamaha,

Yaya wako